Binti, Jua Mwili Wako Mapema: Somo la Afya ya Uzazi kwa Wasichana wa Miaka 10 hadi 19

Somo hili ni la wasichana, wazazi, walimu na wahamasishaji wa afya ya jamii. Linaweza kusomwa nyumbani, shuleni au katika kikao cha vijana kijijini. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliwa pamoja.

Utangulizi

Tuchukue mfano wa msichana wa Gredi ya 7. Ni saa nne asubuhi, yuko darasani, na mwalimu anaandika hesabu ubaoni. Ghafla anahisi unyevu. Kengele ya mapumziko inalia, wenzake wanatoka mbio, yeye anabaki amekaa. Anafunga sweta kiunoni, anashika njia ya nyumbani, na kwa siku tatu haonekani shuleni. Mama akimuuliza, anajibu kwamba kichwa kinamuuma.

Msichana huyu hana ugonjwa wowote. Amevunja ungo, jambo ambalo mama yake, nyanya yake na mwalimu wake wa kike wote walilipitia. Kilichomkosesha masomo ni kwamba hakuna aliyemwambia mapema, naye hakujua amwambie nani.

Zamani, katika jamii nyingi za Waswahili wa pwani, msichana aliyevunja ungo alikuwa na somo wake. Huyo alikuwa mwanamke mtu mzima, asiye mama yake, aliyemfundisha usafi, heshima na mambo ya kike. Leo wasichana wengi katika Kaunti yetu ya Kilifi hawana mtu kama huyo. Wanafundishwa na wenzao wasiojua, au na simu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika afya ya msichana, mambo mengi hutibika au huzuilika kwa urahisi yakisemwa kwa wakati, na huwa magumu yakifichwa. Hilo ndilo funzo letu kuu: sema mapema.

Hedhi ni nini?

Ndani ya tumbo la chini la kila msichana mna mji wa mimba na ovari mbili. Msichana anapobalehe, yai hupevuka karibu kila mwezi na kutoka katika ovari. Wakati huo huo mji wa mimba hujitandika utando laini wenye damu, ukijiandaa. Mimba isipotungwa, utando huo hubomoka na kutoka kupitia ukeni. Hiyo ndiyo hedhi. Si uchafu, si laana, wala si dalili kwamba msichana ameanza ngono.

Wasichana wengi hupata hedhi ya kwanza kati ya miaka 10 na 15. Kabla ya hapo matiti huanza kukua, nywele huota sehemu za siri na kwapani, na ute mweupe huonekana kwenye chupi. Mama akiona dalili hizo, ajue wakati wa kuzungumza na bintiye umefika. Asingoje damu.

Damu hutoka kwa siku 2 hadi 7. Katika miaka miwili ya mwanzo, hedhi inaweza kuruka au kubadili tarehe. Kwa vijana, siku 21 hadi 45 kutoka mwanzo wa hedhi moja hadi mwanzo wa nyingine ni kawaida. Weka alama kwenye kalenda au daftari siku damu inapoanza na inapokwisha. Baada ya miezi michache utaujua mwendo wako, utabeba sodo mapema, na siku utakapomwona mhudumu wa afya utakuwa na jibu atakapokuuliza.

Usafi wakati wa hedhi

Unaweza kutumia sodo za dukani, sodo za kitambaa zinazofuliwa, au kitambaa safi cha pamba kama kipande cha leso kilichokunjwa vizuri. Kinachokulinda zaidi ya bei yake ni usafi wake. Usitumie vipande vya godoro, karatasi wala matambara machafu.

Badilisha sodo kila baada ya saa 4 hadi 6, hata kama haijajaa. Nawa mikono kabla na baada ya kubadilisha. Sodo ya kitambaa iloweke kwenye maji baridi, kwa sababu maji moto hugandisha doa, kisha ifue kwa sabuni na uianike juani. Wengi huificha chini ya godoro au nyuma ya mlango kwa aibu. Kitambaa kisichokauka vizuri hubaki na vijidudu, na vijidudu hivyo huleta mwasho. Ukiona haya kukianika peupe, tandika leso nyepesi juu yake, lakini jua likifikie. Pale maji yanapokuwa haba, kama inavyotokea Ganze na Magarini nyakati za kiangazi, tenga mapema kidumu kimoja kwa ajili ya siku zako.

Sodo ya dukani iliyotumika ifunge kwenye karatasi na uitupe kwenye pipa au uichome. Usiitupe kwenye choo cha kumwaga maji, kwa maana itakiziba.

Wanafunzi wajue pia haki yao. Tangu mwaka 2017, Sheria ya Elimu ya Msingi inaitaka serikali itoe sodo bila malipo kwa wasichana waliobalehe walio katika shule za umma. Muulize mwalimu wako wa kike utaratibu ulivyo shuleni kwenu. Kuuliza hakumfanyi mtu kuwa ombaomba.

Maumivu na damu nyingi

Maumivu ya tumbo la chini katika siku ya kwanza na ya pili ni kawaida. Chupa ya maji ya vuguvugu juu ya tumbo, kutembea kidogo na kulala vizuri husaidia. Unaweza kumeza dawa ya maumivu kama parasetamoli au ibuprofeni, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ibuprofeni inywe baada ya kula. Mwenye pumu au vidonda vya tumbo amuulize kwanza mhudumu wa afya.

Kila hedhi huondoa damu mwilini, na huku kwetu malaria, minyoo na selimundu pia hupunguza damu. Kwa hiyo msichana anahitaji chakula cha kujenga damu: maharagwe, ndengu, kunde, mchicha, dagaa, mayai, na maini yakipatikana. Kula pamoja na chungwa, ndimu au embe, kwa kuwa vitamini C iliyomo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai iache kwa saa moja hivi baada ya kula, maana huzuia madini hayo.

Nenda kituo cha afya ikiwa:

- Damu inaendelea zaidi ya siku 7.
- Sodo inajaa kila saa moja au mbili, au yanatoka mabonge makubwa ya damu.
- Maumivu yanakuzuia kwenda shule kila mwezi, hata ukimeza dawa.
- Unapata kizunguzungu, moyo unakwenda mbio, au viganja vimekuwa vyeupe.
- Umefika miaka 15 na hujapata hedhi.
- Hedhi iliyokuwa ikija imekoma kwa miezi mitatu.

Ute wa kawaida na dalili za ugonjwa

Uke hujisafisha wenyewe. Ute mweupe au usio na rangi, usio na harufu kali, ni kawaida, na huongezeka na kupungua kulingana na siku za mwezi. Osha sehemu za nje kwa maji safi. Usiingize sabuni, dawa ya meno, ndimu wala manukato ndani, kwa sababu utaua vijidudu vizuri vinavyoulinda uke na kukaribisha vibaya. Ukitoka chooni, jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma ili kinyesi kisifike kwenye njia ya mkojo. Vaa chupi ya pamba na uibadilishe kila siku.

Ute mzito kama maziwa yaliyoganda, wenye mwasho mkali, mara nyingi ni fangasi. Fangasi humpata hata msichana ambaye hajawahi kufanya ngono, hasa baada ya kumeza dawa za antibiotiki. Ute wenye harufu ya samaki ni dalili ya vijidudu kuzidiana ukeni. Ute wa manjano au kijani, vidonda sehemu za siri, maumivu ya tumbo la chini au maumivu wakati wa kukojoa vinaweza kuwa dalili za magonjwa ya zinaa. Yote haya yana dawa. Usinunue vidonge dukani kwa kubahatisha, wala usigawane dawa na rafiki.

Kuna ugonjwa mmoja unaopaswa kufahamika vizuri huku pwani, nao ni kichocho. Msichana huupata anapooga, kufua au kuteka maji kwenye mabwawa, vijito au mito yenye konokono wanaobeba vimelea hivyo. Maji ya bahari hayana kichocho. Vimelea hupenya kwenye ngozi, na mayai yake huweza kukwama kwenye kibofu na pia kwenye uke na shingo ya kizazi. Msichana huona damu kwenye mkojo, huhisi mwasho, hutokwa na ute usio wa kawaida au damu nje ya siku zake.

Dalili hizo hufanana na za magonjwa ya zinaa, na hapo ndipo wasichana wengi wasio na hatia hudhaniwa vibaya na watu wa nyumbani. Mzazi, kabla ya kumshutumu bintiyo, mpeleke akapimwe. Binti, ukienda kituoni taja kwamba huwa unateka maji au kuogelea bwawani. Dawa ya kichocho ipo, inaitwa prazikwanteli, nayo hutolewa pia shuleni wakati wa kampeni za dawa za minyoo katika maeneo yenye ugonjwa. Kichocho kisipotibiwa mapema kinaweza kuleta ugumba, na vidonda vyake hurahisisha kuambukizwa VVU.

Chanjo ya HPV

Saratani ya shingo ya kizazi huua zaidi ya wanawake 3,000 nchini Kenya kila mwaka. Karibu visa vyote husababishwa na virusi vinavyoitwa HPV, ambavyo huenezwa kwa ngono. Virusi hivyo vinaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya kabla ya saratani kujitokeza.

Tangu Oktoba 2019, chanjo dhidi ya HPV imo katika mpango wa kitaifa wa chanjo. Wanaolengwa ni wasichana wa miaka 10 hadi 14, nayo hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma. Wazazi wengi huuliza: kwa nini mtoto mdogo hivyo? Sababu ni kwamba chanjo hufanya kazi vizuri zaidi kabla mtu hajakutana na virusi. Kumchanja mtoto dhidi ya surua hakumwiti surua, na vivyo hivyo chanjo hii haimhimizi msichana kuanza ngono. Wala haiharibu kizazi. Inakilinda.

Ikiwa binti yako ana miaka 10 hadi 14 na hajachanjwa, mpeleke mwezi huu. Mhudumu atakuelezea ratiba, na kadi ihifadhiwe pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Ukweli kuhusu mimba na magonjwa ya zinaa

Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022, asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Hao ni karibu 3 katika kila 20. Wapo wasichana wanaoamini mambo wanayoambiwa na wenzao. Tuyatazame machache.

"Mara ya kwanza huwezi kushika mimba." Si kweli. Yai likiwa tayari, mara moja inatosha.

"Kama hujaanza hedhi huwezi kushika mimba." Si kweli. Yai hutoka kabla ya damu, kwa hiyo msichana anaweza kushika mimba hata kabla ya hedhi yake ya kwanza.

"Ukijiosha au kukojoa baadaye huwezi kushika mimba." Si kweli. Mbegu za kiume huingia ndani haraka, na zinaweza kuishi mwilini mwa mwanamke hadi siku 5.

"Mwenye VVU au kisonono utamjua kwa kumtazama." Si kweli. Klamidia na kisonono mara nyingi hukaa kimya kwa mwanamke huku zikiharibu mirija ya uzazi. VVU vinaweza kukaa miaka bila dalili.

Njia ya uhakika kwa msichana wa umri wa shule ni kungoja. Kungoja kunakuepusha na mimba na magonjwa kwa pamoja, tena hakukudai hata shilingi. Kwa msichana ambaye tayari anafanya ngono, aibu isimzuie kutafuta ushauri. Kondomu ikitumiwa sawasawa kila mara hukinga mimba na magonjwa mengi ya zinaa. Sindano, kijiti na vidonge hukinga mimba pekee, havizuii VVU. Vidonge vya dharura hupunguza uwezekano wa kushika mimba vikimezwa ndani ya saa 120, na kadiri vinavyomezwa mapema ndivyo vinavyofanya kazi vizuri. Havitoi mimba iliyokwisha kutungwa, na si vya kutumia kama njia ya kila wiki.

Zawadi, vitisho na sheria

Mimba nyingi za wasichana haziletwi na wavulana wa darasani mwao. Mwanzoni mtu mzima humbeba msichana bure kwa bodaboda kwa sababu shule iko mbali. Kesho humnunulia chipsi, keshokutwa sodo, halafu simu. Baadaye hudai malipo. Wengine hukutana na mitego hii usiku kwenye disko matanga, pale watoto wanapochanganyika na walevi bila mtu mzima wa kuwaangalia.

Binti, zawadi haina deni la mwili. Una haki ya kukataa hata kama ulikula, hata kama ulibebwa, hata kama uliwahi kukubali. Sema kwa sauti: "Sitaki. Niache." Ondoka mahali hapo, kisha mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyo hiyo.

Kisheria, mtu yeyote aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 inaita ngono na mtoto unajisi, na kifungo chake ni kizito. Mtoto akiwa na miaka 11 au chini, ni kifungo cha maisha. Akiwa na miaka 12 hadi 15, kifungo kisichopungua miaka 20. Akiwa na miaka 16 hadi 18, kisichopungua miaka 15. Kesi ya unajisi ni ya mahakama. Haimalizwi kikaoni kwa mbuzi, wala kwa fidia, wala kwa ahadi ya kumwoa msichana.

Ukidhulumiwa: hesabu saa

Ikiwa umelazimishwa, kosa si lako, hata kama mtendaji ni jamaa, jirani au mtu anayeheshimiwa. Fanya haya:

1. Nenda hospitali kwanza. Huhitaji kupita polisi ndipo utibiwe.
2. Fika haraka, ndani ya saa 72. Dawa za kuzuia VVU hufanya kazi zikianzwa ndani ya muda huo, na humezwa kila siku kwa siku 28. Utapewa pia dawa za kuzuia magonjwa ya zinaa na vidonge vya kuzuia mimba.
3. Ukiweza, usioge wala kufua nguo kabla ya kuchunguzwa. Nguo ulizovaa zifunge kwenye karatasi au gazeti. Usizitie kwenye plastiki, kwa sababu ushahidi huoza. Ikiwa umeshaoga, nenda hivyo hivyo.
4. Mhudumu atajaza fomu ya PRC. Fomu ya P3 hutolewa na polisi. Omba nakala na uzihifadhi.
5. Piga simu bila malipo 116, ambayo ni ya kusaidia watoto, au 1195, ambayo ni ya kusaidia waliodhulumiwa kijinsia.

Hata saa 72 zikipita, bado nenda. Kuna matibabu, ushauri nasaha na haki ambavyo bado vinakungoja.

Ukishika mimba

Usikimbie nyumbani, na usikubali vijiti, majivu au mchanganyiko wa dawa za mitaani. Vitu hivyo vimeua wasichana na kuwaachia wengine ugumba. Msichana mwenye damu nyingi, homa au maumivu makali baada ya jambo kama hilo apelekwe hospitali mara moja. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura.

Mwili wa msichana mdogo haujakomaa kubeba mimba. Nyonga zake bado nyembamba, na yuko katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na ya uchungu wa muda mrefu, ambao unaweza kumwachia fistula. Kwa hiyo aanze kliniki mapema, kabla ya wiki ya 12, ili apimwe damu, shinikizo la damu na VVU, na apange kujifungulia hospitalini.

Shule haijaisha. Tangu mwaka 1994 serikali imekuwa na sera ya kuwaruhusu wasichana kurudi masomoni baada ya kujifungua, na mwaka 2020 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo mpya kuhusu jambo hilo. Mzazi ana haki ya kumwona mwalimu mkuu na kupanga siku ya kurudi.

Ukifika kituoni useme nini?

Wengi hufika hadi mlangoni na kurudi, kwa sababu kwenye foleni kuna jirani. Huhitaji kueleza shida yako mbele ya watu. Sema tu: "Sista, nina shida ya kike. Naomba tuzungumze faraghani." Hayo yanatosha. Unaweza kwenda na mama, shangazi, dada au rafiki. Mhudumu wa afya anapaswa kutunza siri yako. Ukijibiwa vibaya na mmoja, omba kumwona mwingine au msimamizi wa kituo, lakini usirudi nyumbani na ugonjwa. Ikiwa kituo kiko mbali, mwambie mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chenu akuelekeze.

Neno kwa wazazi

Baba na mama, bintiyo atakuja kwako na jambo kubwa ikiwa ulimsikiliza alipokuja na jambo dogo. Akikuambia tumbo linamuuma, usicheke. Akiomba pesa za sodo, usimwambie aende akajitafutie, kwa maana yuko mtu barabarani anayengoja kumpa. Baba naye anaweza kununua sodo pamoja na sukari na unga, na nyumba haitapungukiwa heshima. Wavulana nao wafundishwe kwamba damu ya hedhi si kitu cha kuchekwa.

Tumrudie yule msichana wa Gredi ya 7. Kama mtu mmoja angalikuwa amemweleza mapema, angaliinua mkono, angalitoka na mwalimu wake wa kike, na baada ya dakika kumi angalikuwa amerudi kwenye hesabu zake. Kuwa wewe mtu huyo kwa binti mmoja wiki hii.

Ya kukumbuka

- Miaka 10 hadi 14: chanjo ya HPV, bila malipo.
- Saa 4 hadi 6: badilisha sodo.
- Zaidi ya siku 7 za damu: nenda kituo cha afya.
- Damu kwenye mkojo: kapimwe kichocho.
- Saa 72: mwisho wa kuanza dawa za kuzuia VVU baada ya kudhulumiwa.
- Kabla ya wiki ya 12: anza kliniki ya wajawazito.
- Simu za bure: 116 na 1195.

Maswali ya kujadili

1. Taja watu wazima wawili unaoweza kuwaambia shida ya kike. Kama huna, ni nani unayeweza kumzoea?
2. Kwa nini sodo ya kitambaa ianikwe juani?
3. Kuna tofauti gani kati ya ute wa kawaida na ute wa ugonjwa?
4. Rafiki yako amekuambia amedhulumiwa jana usiku, na amekuomba usimwambie mtu. Utamsaidiaje, na ana saa ngapi?
5. Kijijini kwenu wasichana huteka maji wapi? Mnaweza kufanya nini kujikinga na kichocho?